Rukisha, Hakuna Zombi Hapo

"Rukisha bwana! Mazombi wako wapi?"

Aliyepiga kelele ni Bucha, muuza nyama wa mtaani kwetu, aliyejaza benchi la mbele na aproni yake ya kazini. Mtu kutwa nzima anashinda na damu, halafu analipa kiingilio akatazame nyingine! Banda zima la video likamfuata: rukisha, rukisha!

Kwenye runinga, daktari wa kike na dereva wa basi walikuwa juu ya paa la kiwanda wanaziba tundu linalovuja. Hakuna aliyeng'atwa. Hakuna aliyekimbizwa. Daktari alikuwa na jambo moyoni, anatafuta pa kuanzia, na mimi nilishasogea mpaka ukingoni mwa benchi nilisikie.

Kando ya runinga, kipaza sauti mkononi, alikaa mchumba wangu. Mtaa unamwita Sauti, maana ndiye anayetufasiria filamu zote. Anakuwa daktari, anakuwa dereva, anakuwa hata zombi. Akanyoosha mkono kuchukua rimoti.

"Usithubutu," nikamwambia.

"Fundi, wateja wanalalamika." Fundi ni mimi, mshonaji wa mtaa.

"Na mimi ni nani, mlinzi wa mlango?"

Akabonyeza. Paa likapotea, dereva na daktari wakapotea, tukatua sehemu inayofuata: mazombi wanatikisa geti. Watu wakashangilia utadhani timu yao imefunga bao. Nikainuka nikasimama mbele ya kioo.

"Rudisha!"

"Wewe cherehani, toka hapo!" Bucha akafoka. "Ukitaka watu wa kukaa na kuongea tu, nenda kwenye kikao cha wazazi shuleni!"

"Bucha, mwaka jana ulilia kwenye benchi hilo hilo farasi alipokufa. Farasi! Ungemlilia kama wasingetuonyesha kwanza akiogeshwa, akilishwa, akibembelezwa sehemu nzima?"

"Lilikuwa vumbi lile!"

"Mvua ilikuwa inanyesha!"

Watu wakaangua kicheko. Nilikuwa nashinda, wallahi. Ndipo mchumba wangu, mtu niliyevaa pete yake, akainua kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana, wapenda maneno wasiwe na wasiwasi. Baada ya filamu tutawawekea taarifa ya habari."

Banda likapasuka kwa kicheko. Nikatoka. Walionicheka siku ile nawakumbuka wote, na kila mmoja alikokaa.

Sijafika nyumbani, simu ikalia. Ujumbe: *Mpenzi umenuna kwa ajili ya sinema kweli? Jumapili wazee wangu wanakuja kwenu. Mwambie mama ajiandae.*

Nikajibu neno moja: *Wasije.*

Akapiga hapo hapo.

"Wasije maana yake nini?"

"Maana yake wabaki kwao."

"Fundi, watu tumeshawaalika..."

"Tukioana, mama ataishi na nani? Miguu yake unaiona. Nimekuuliza tukitoka kununua pete, nimekuuliza kwa dada yako, nimekuuliza siku ulipokuja kutengeneza taa."

"Si tutaongea tu?"

"Lini? Nikifungua mdomo unaniambia hayo madogo, tuzungumzie ukumbi, tuzungumzie suti. Unanirukisha! Unataka harusi kama Bucha anavyotaka mazombi."

Kwa mbali nikasikia benchi la mbele likimwita.

"Nina wateja," akasema kwa sauti ndogo.

"Wahudumie."

Mama alikuwa kibarazani anashona vifungo vya sare za wateja wangu. Alishanisikia nikifoka simuni toka njiani, akaniangalia juu ya miwani.

"Umemfukuza mwanaume wa watu kwa sababu ya zombi?"

"Kwa sababu ya daktari, mama."

"Daktari gani tena? Nani anaumwa?"

Nikaingia ndani nikakanyaga cherehani kwa hasira mpaka uzi ukakatika.

Kesho yake mchana kivuli kikajaa mlangoni. Bucha, aproni na yote.

"Dada, nina swali."

"Suruali yako haijawa tayari."

"Si suruali." Akaketi bila kukaribishwa. "Yule dereva alikuwa nani wake?"

"Dereva gani?"

"Wa basi! Leo asubuhi, kwenye mwendelezo, kang'atwa. Daktari ndiye kapewa bunduki ammalize. Dada, yule mama kalia! Kalia mpaka kaanguka chini. Sisi tunatazamana, analilia nini? Si dereva tu? Tukamgeukia Sauti. Na Sauti mwenyewe hajui, maana anakatakata sehemu za maneno hata yeye hazitazami. Unajua alisema nini kwenye kipaza sauti?"

"Alisema nini?"

"Eti, 'Analia kwa sababu risasi zimekwisha.' Na risasi zimejaa sanduku zima mezani, kila mtu anaziona!"

Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Bucha hakucheka.

"Nimerudi kazini nimekata nyama ya mteja hovyo. Sina raha. Alikuwa nani wake?"

"Sijui. Mlipiga kelele mkarukishiwa. Sasa mnalilia nini?"

"Nimekuja kwa hilo hilo," ikasema sauti ninayoijua. Sauti alikuwa amesimama nyuma ya Bucha, kompyuta ndogo kifuani. "Naomba tutazame. Mwanzo mpaka mwisho. Sitafasiri mpaka mniulize."

"Mimi nitoke?" Bucha akauliza, na hakutikisika hata kidogo.

Mama akaingia toka kibarazani, akavuta kiti chake. "Weka hapo kwenye meza ya kukatia. Mnisogezee mkasi."

Tukatazama. Dereva na daktari wakapanda paani. Wakapima bati. Wakakosea, wakapima tena. Ukimya ukawa mrefu, na nikamwona Sauti anavuta pumzi, mdomo tayari umefunguka.

"Baba, waache watu wazibe paa lao," mama akamwambia.

Akaufunga.

Hatimaye daktari akasema. Mama akamgusa Sauti begani, naye akafasiri kwa sauti yake mwenyewe, bila madoido: "Anasema, nimechoka kuwa mtu anayebaki. Kila ninayemzoea anaondoka, nabaki mimi." Dereva akamshikia bati lisitikisike, mpaka akamaliza kupigilia.

"Hivi vitambaa vyenu vinatoa vumbi," Bucha akasema, akajifuta macho kwa aproni, akaondoka bila kuaga.

Sauti akafunga kompyuta.

"Fundi, niambie habari ya mama. Yote. Sina wateja leo, banda nimelifunga."

Nikamwambia. Kwamba mama hawezi kupanda ngazi za nyumba aliyotutafutia Sauti. Kwamba akianguka peke yake nitajilaumu maisha yangu yote. Kwamba nampenda yeye, Sauti, lakini sitatoka kwa mama mbio mbio kama mtu anayekimbia moto. Ilichukua muda, nikarudia mambo, nikalia katikati. Hakunikatiza.

"Basi ile nyumba tuiache," akasema. "Tutafute ya chini, mama awe na chumba chake, na..."

"Mmemaliza?" mama akauliza. "Kuna aliyeniuliza mimi?"

Tukatazamana. Hasira zangu zote zile, na sikuwahi kumuuliza mwenyewe.

"Nihamie kwenu nikaamshwe asubuhi na mtu anayejifunza kunguruma kama zombi? Sihami. Lakini mpangaji wa vyumba vya uani anaondoka. Njooni ninyi. Kila mtu na mlango wake. Nikigonga ukuta, mmoja aje mbio."

"Nitakuja mimi, mama," Sauti akasema.

"Wewe utakuja na maneno. Aje yeye. Wewe utachota maji."

Tukacheka wote watatu. Sauti akanigeukia taratibu.

"Wazee waje?"

"Waje."

Jumapili wakaja, wamejipamba kwa suti na kanga mpya. Baba yake mdogo hata soda hakufungua, akatoa kalenda.

"Tusipoteze muda, ndugu zangu. Tutaje tarehe, tule, tuondoke."

Mama alikuwa amefika nusu ya kueleza habari za vyumba vya uani.

"Baba mdogo," Sauti akasema, "irudishe hiyo kalenda mfukoni. Mama hajamaliza kuongea."

Mtaa utakwambia niliolewa mwezi uliofuata, kwenye gauni nililojishonea, Bucha akicheza mbele ya maharusi. Hiyo ilikuwa sherehe. Mimi naona niliolewa pale sebuleni, baba mdogo alipokunja kalenda yake.