Kuzunguka Kilima Bapa

Jumamosi, tarehe 14 Machi 1987. Asubuhi hiyo Malindi iliamka na joto la kunata. Mawingu yalitanda bila nia ya kunyesha, na upepo ulikuwa umesinzia. Mueni alikuwa sokoni akijaribu raba nyeupe, mguu mmoja ndani, mwingine juu ya gazeti, alipoinua macho akamwona Kahindi. Hakuwa peke yake.

Kahindi alivaa shati la samawati lililopigwa pasi likakubali. Ubavuni pake alisimama Zipporah, gauni la manjano, herini kubwa kama bangili. Walikuwa wakichagua madumu ya maji na kucheka. Kicheko kile kilimkwama Mueni kooni kama mwiba wa samaki.

"Nawe umekuja kununua vya safari, dada?" Zipporah alimwuliza. "Mimi dumu langu dogo. Nikichoka Kahindi atanibeba, maana tumewekwa kundi moja."

Mueni alimtazama Kahindi. Kahindi akalitazama dumu.

Wote watatu walisoma darasa la jioni la Mwalimu Gerishom, kanisani mtaa wa Barani, pamoja na watu wazima wengine waliokosa shule udogoni. Jumatatu ya Pasaka darasa zima lingekwenda bara, nyuma ya Marafa, kukizunguka kilima chenye kichwa bapa kama meza na kurudi siku hiyo hiyo. Kahindi, seremala, alizaliwa chini ya kilima hicho, hivyo mpango aliachiwa yeye. Kundi moja lingeshika njia ya kulia, jingine ya kushoto. Wangekutana kisimani upande wa pili, wale chakula, kisha wapande juu kuomba.

Mueni alikuwa akiihesabia safari hiyo siku. Mwaka mzima Kahindi alikuwa amemsindikiza hadi mlangoni na kumwita roho yangu, lakini neno lenyewe la ndoa lilikuwa halijatoka. Shangazi yake wa Mwala alikwisha kumwandikia kwamba kuna kazi ya ushonaji huko. Mueni akajiwekea mpaka: Kahindi asiposema kilimani, yeye atarudi kwao.

Sasa Kahindi alikuwa amempanga kulia, na kujipanga mwenyewe kushoto, na Zipporah.

Jioni alipiga magoti kuomba moyo mweupe. Alipofika kwenye jina la Zipporah, ulimi ulikataa. Akasema amina kabla ya wakati.

Jumatatu simu ililia katika duka la vitambaa alikoshona. Alikuwa Kahindi.

"Roho yangu, mbona jana hukunisubiri baada ya ibada?"

"Roho yako nilimwona sokoni. Alikuwa na herini."

"Zipporah ni mwanafunzi mwenzetu tu, Mueni."

"Basi mpange yeye kulia, mimi nije kushoto."

"Hilo haliwezekani."

Mueni aliurudisha mkono wa simu taratibu. Akarudi kwenye cherehani, akashona mkono wa kulia wa blauzi ya mteja mahali pa kushoto.

Jumanne jioni, kilima kilikuwa kimechorwa ubaoni, majina pande mbili. Mueni alimwamkia Mwalimu shikamoo, akachukua kifutio, akalifuta jina lake. Alisema hatakwenda, na mwisho wa Aprili angerudi Mwala. Mwalimu Gerishom akamgeukia Kahindi, akamwambia mwenye mpango ndiye mwenye maelezo.

Kahindi alisimama, mikono ikitafuta mifuko.

"Njia ya kulia inapita uani kwa mama yangu," alisema. "Nyumbani kwetu, mama humtazama na kumpima msichana wa kuolewa, mwanawe asipokuwepo. Tena humtazama akiwa amechoka na jua, kwa sababu aliyechoka hana nguvu za kuigiza. Ningekwambia, ungejiandaa. Ndiyo maana nikanyamaza."

"Na Zipporah?" Mueni aliuliza.

"Nimemweka upande wangu ili awe mbali na mama. Angefika pale, kabla hajaketi angekuwa amesema yote."

Darasa likacheka, na Zipporah akacheka kuliko wote. "Hapo hajanisingizia," alisema.

Mueni hakucheka. Mwiba ulikuwa umetoka, lakini mahali pake bado paliuma. Alimwuliza Kahindi kama kumpima mtu bila yeye kujua ni kazi ya mpenzi. Kahindi akakiri kwamba sivyo. Akachukua chaki, akaliandika upya jina la Mueni upande wa kulia, na lake kando yake.

"Mwalimu, na ndugu zangu, muwe mashahidi," alisema. "Jumatatu ya Pasaka nitaingia kwa mama yangu pamoja na Mueni, na nitamwambia huyu ndiye. Kabla ya Mei kwisha, wazee wangu watakuwa wamefika Mwala kuposa."

Mwalimu alimwuliza Mueni anasemaje. Mueni alifumba macho, akaomba kimya, na safari hii akafika hadi mwisho, jina la Zipporah likiwemo. Kisha akasimama.

"Nitakwenda, na sitajipamba. Nitamwambia mama mwenyewe kwamba nilijua napimwa, na kwamba niliona wivu mpaka nikaharibu blauzi ya watu. Akiniuliza kama nimechoka, naahidi mbele yenu nyote nitamjibu hivi: nimechoshwa na njia, mama, sijachoshwa na mwanao."