Gari la Kuvuta Karavani ya Dawa

Kila jioni, Kabale aliposikia mlio wa Land Rover ya mjomba wake ikiingia mtaani kwao, Kiwanjani, aliacha alichokuwa akifanya na kukimbilia jiwe. Lilikuwa jiwe jeusi, zito kama mwana-mbuzi, na lilikaa kando ya ua wa miiba. Mjomba Umuro alikanyaga breki mara moja, mara mbili, mara tatu. Gari lilipunguza mwendo, na kabla halijarudi nyuma Kabale alikuwa amekwisha kulisukumia jiwe chini ya gurudumu. Breki ya mkono ilikufa zamani. Asubuhi aliliondoa jiwe, akanawa mikono, akachukua madaftari yake na kwenda shule.

Mjomba Umuro alikuwa mfanyabiashara wa mifugo. Zamani alikuwa akienda mpaka Leparua na mbali zaidi kununua ng'ombe. Sasa hakwenda popote. Ulikuwa mwaka wa 1966, vita vya Shifta, vya waliotaka kaskazini ijitenge, vilikuwa vimepamba moto, na hakuna aliyetoka mjini kwenda kaskazini bila msafara wa askari. Wafugaji walikuwa wameamriwa wakae pamoja katika kambi. Mama yake Kabale alikuwa katika kambi mojawapo, ng'ambo ya mto Ngaremara, pamoja na bibi, ambaye wao humwita Akko, na Doyo, mdogo wake Kabale wa miaka mitatu. Kabale aliachwa kwa mjomba ili asome.

Kuwatembelea hakukuwezekana. Kuwaandikia barua ilikuwa kazi bure, kwa maana hakuna aliyejua kusoma. Alibaki kusubiri maneno ya watu waliotoka huko.

Wiki hiyo maneno yalikuja, na yalikuwa mabaya. Kambini kulikuwa na surua. Watoto walikuwa wakizikwa.

"Na Doyo?" Kabale aliuliza.

"Ana joto," alijibu mwanamke aliyeleta habari. Akaangalia pembeni.

Mjini palikuwa na dresa mmoja, mhudumu wa zahanati aliyechoma sindano na kufunga vidonda, aitwaye Murithi, Mmeru wa milimani, ambaye watu wote walimwita Daktari. Murithi alikuwa amepata dawa za sindano, mafuta ya macho na maziwa ya unga. Alikuwa pia na karavani, nyumba ndogo ya bati yenye magurudumu mawili, iliyoachwa na mzungu mmoja mpima ardhi aliyerudi kwao. Ndani Murithi alitia vitanda viwili na friji ya mafuta ya taa. Kambini hapakuwa na chumba hata kimoja safi cha kutibia, naye alitaka kukaa huko mwezi mzima. Alichokosa ni gari la kuivuta karavani. Gari la zahanati lilikuwa limekufa injini, na msafara ulikuwa unaondoka Alhamisi. Baada ya hapo, msafara mwingine ungekuwa baada ya wiki tatu. Kwa mtoto mwenye surua, wiki tatu ni nyingi mno.

Jumatano alasiri magari yalijaribiwa kwenye mwinuko ulio karibu na zahanati. Watu walijaa kama wamekuja harusini.

Karani Gikunda alileta Peugeot yake, iliyong'aa kama sahani. Ilifungwa karavani, ikapanda hatua ishirini hivi, klachi ikaanza kutoa moshi.

"Karani, unachoma nyama?" mtu akapiga kelele, na watu wakacheka. Gikunda alishuka bila neno na kulipapasa gari lake kama mtu anayebembeleza mgonjwa.

Aliyefuata kusema alikuwa Ekai, Mturkana mwenye mwili mkubwa, dereva wa lori la maji. "Daktari, mimi naenda kambi hiyo hiyo kesho. Nifungie mimi."

"Wewe?" Umuro akamkata. "Hilo lori lako ni kobe! Watoto watakuwa wazee ukifika. Daktari, salaam aleikum, tazama gari la wanaume."

Watu wakacheka tena. Umuro akaifunga karavani kwenye Land Rover, akakanyaga mafuta, ikapanda mwinuko moja kwa moja mpaka juu. Watu wakashangilia. Murithi alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Lakini alikuwa mtu wa kuuliza.

"Na breki je, Umuro?"

"Breki? Wallahi, Daktari, inasimama kama punda aliyekataa kuvuka mto. Kama huniamini mimi, muulize huyu mtoto. Yeye ndiye anayeijua hii gari kuliko mimi. Kabale! Hii gari ina shida?"

Macho yote yakamgeukia Kabale. Alilifikiria lile jiwe jeusi, kisha akamfikiria Doyo amelala juu ya ngozi, macho yamevimba. Akisema kweli, karavani ingebaki pale pale. Mjomba naye alikuwa akimtazama kwa namna ambayo hakuwa amewahi kumwona nayo, kama mtu anayeomba. Kambini walikuwamo dada yake huyo mjomba, yaani mama yake Kabale, na mama yao, Akko.

"Iko sawa," Kabale alisema.

"Basi kesho saa moja asubuhi," akasema Murithi, na jambo likaisha.

Halikuisha kwa Kabale. Jioni hiyo Abiba, mke wa mjomba, alimpa ugali na maziwa, naye akakaa akiutazama ugali mpaka ukapoa. Kutoka mjini mpaka Ngaremara njia inateremka, na mbele zaidi kuna makorongo ya mchanga ambamo gari hushuka ghafla kisha likapanda. Daktari angekaa mbele, pamoja na mjomba. Nyuma yao ingekuwa nyumba ya bati yenye friji, vitanda na masanduku, ikiwasukuma. Na kwenye msafara hakuna nafasi ya kuliweka jiwe.

"Mjomba," alisema, "ile breki..."

"Nimeitengeneza," Umuro alijibu bila kumtazama. Alikuwa amefunga waya mahali fulani. "Unataka ndugu yako afe?"

Kabale akatoka nje kulitazama lile jiwe lililoshika gurudumu.

Asubuhi hakwenda shule. Alifika zahanati, akakuta karavani imekwisha fungwa na masanduku yamekwisha pakiwa. Magari ya msafara yalikuwa yamepangwa barabarani, na ofisa wa askari alikuwa akitembea huku na huku akitazama saa. Murithi alikuwa na mguu mmoja ndani ya Land Rover.

Kabale alimkimbilia na kumshika koti.

"Daktari, nilikudanganya. Breki ni mbaya. Inakanyagwa mara tatu. Kila siku mimi naiwekea jiwe."

Umuro alitoka upande wa pili kama mtu aliyeumwa na nge. "Mtoto mpumbavu! Unajua umefanya nini? Daktari, jana si uliona ilivyopanda?"

"Ilipanda," Kabale alisema. "Lakini Akko anasema ngamia wa kubeba nyumba tunapohama hajaribiwi akipanda. Kupanda, hata ngamia mbovu atapanda ukimchapa. Anajaribiwa akishuka, kama anaweza kuuzuia mzigo usimwangushe. Jana hakuna aliyeshuka na karavani. Mliifungua kule juu."

Murithi alimtazama Umuro. "Ni kweli tuliifungua juu. Watu waliishusha kwa mikono." Akautoa mguu garini. "Ishushe hapa, Umuro. Polepole. Hatua hamsini tu."

Umuro hakuweza kukataa mbele ya watu wale wote. Aliingia, akapanda mpaka juu, akageuza gari, akaanza kuteremka mwinuko uleule. Hatua kumi za kwanza zilikuwa nzuri. Kisha karavani ikaanza kusukuma. Waliona mguu wa Umuro ukikanyaga, ukikanyaga tena. Mkia wa Land Rover ulisukumwa kando, karavani ikayumba kama mlevi, na vyote viwili vikaingia kwenye ua wa miiba wa zahanati na kusimama humo. Ndani ya karavani kitu cha kioo kilivunjika.

Hakuna aliyecheka. Umuro alibaki ameshika usukani, jasho likimtiririka.

"Sisi tunaondoka," ofisa wa askari alisema. "Mkiwa na gari, njooni. Msipokuwa na gari, bakini."

Kabale alikuwa amesema kweli, na kweli yenyewe imeizuia dawa. Alikaa chini vumbini. Hakuwa na gari, hakuwa na nguvu, hakuwa na lolote la kufanya.

Sauti nzito ikasikika kutoka barabarani. "Sasa kobe anaweza kusema?"

Alikuwa Ekai, ameegemea mlango wa lori lake la maji.

"Mnaniambia lori langu linakwenda polepole. Msafara wote unakwenda kwa mwendo gani? Kwa mwendo wangu! Askari hawawezi kuyaacha maji nyuma. Na hili lori nikiwa nimejaza tangi nalishusha korongoni kila msafara. Hiyo nyumba ya bati kwangu ni kupe tu."

Murithi alijipiga paji la uso. "Na tulikucheka."

"Mlicheka sana."

Tatizo moja lilibaki. Chuma cha kuvutia cha lori kilikuwa juu mno. Karavani ingeinua pua, na uzito wote ungelala nyuma. Ofisa alikuwa akisubiri ujumbe wa redio kutoka mbele, akasema ujumbe ukifika ataondoka, uwe umefika baada ya dakika tano au baada ya saa nzima. Kabla mtu mwingine hajasema, Umuro alikuwa amelala chali chini ya Land Rover yake, akifungua chuma chake mwenyewe. Akatambaa chini ya lori la yule Mturkana ambaye yeye mwenyewe alimtukana jana, akakifunga hapo, chini zaidi. Boliti ya mwisho ilipokazwa, redio ilikuwa imekwisha kulia na magari ya mbele yalikuwa yakiondoka.

Lori likayafuata likiivuta karavani, na Kabale akasimama kando ya njia mpaka vumbi likatua. Hakuwa na kibali cha kwenda.

Siku nne mjomba hakuzungumza naye. Land Rover ilikaa bila kuguswa. Kila alfajiri Kabale alikwenda barabarani kutazama upande wa Ngaremara, na kila alfajiri njia ilikuwa tupu. Siku ya tano msafara ulirudi, na Ekai akasimamisha lori mbele ya nyumba yao.

"Karibu chai," Umuro alimwambia. Ilikuwa mara ya kwanza.

Ekai alikunywa, akafuta mdomo. "Kwenye korongo la pili ile karavani ilinisukuma kama fahali. Lori langu likaishika. Kama ingekuwa ile gari yako, ndugu yangu, tungekuwa tunawazika ninyi wawili, wewe na Daktari." Akamgeukia Kabale. "Ndugu yako ni yule mwenye masikio makubwa? Amechomwa sindano sita. Juzi alinitukana kwa Kiborana, kwa hiyo anapona."

Kabale alicheka, kisha akalia.

"Wote wanapona?" Abiba aliuliza.

Ekai akaweka kikombe chini. "Mtoto wa Adano, jirani yao pale kambini, alizikwa siku moja kabla hatujafika. Wengine Daktari anapambana nao."

Ekai alipoondoka, mjomba Umuro alikaa akiitazama Land Rover yake. Mwishowe alimwita Kabale.

"Kaa hapa, mwana wa dada yangu. Mimi ndiye niliyekuweka mbele ya watu useme uongo. Kosa hilo ni langu kwanza, halafu ni lako. Nilitaka sana gari langu liwe zima, mpaka nikasema ni zima. Sasa sikiliza. Mtu akikuuliza kama gari lina breki, anauliza kama atafika akiwa hai. Usimjibu unachotamani. Mjibu unachojua, hata kama dawa ya ndugu yako imo ndani ya hilo gari. Hasa kama imo ndani ya hilo gari."

"Ndiyo, mjomba."

"Kesho naipeleka kwa fundi," Umuro alisema. "Na nikikwambia fundi ameitengeneza, usiniamini. Twende tukaishushe mwinuko, wewe ukitazama."