Profesa na Makopo Mawili

Kila asubuhi Profesa alikuwa wa kwanza kuoga, wa kwanza kufunga viatu na wa kwanza kumsahihisha mtu. Jina hilo alibandikwa na dada zake. Walimpiga dongo, yeye akadhani wamempa tuzo.

Siku hiyo shangazi yake, muuguzi, alikuwa anakuja kuwatembelea, na alikuwa ameahidi kupika chakula cha mchana. Profesa alitaka kumwonyesha ujuzi wake. Akabandika karatasi kwenye makopo mawili ya jikoni. Moja lilikuwa la chumvi. La pili lilikuwa la kostiki soda, dawa nyeupe ambayo Bibi alitengenezea sabuni, inayounguza ngozi, sembuse koo. Akaandika fomula alizochungulia upesiupesi kwenye kitabu cha dada: chumvi akaipa NaOH, kostiki akaipa NaCl. Kisha akaenda shule, kifua mbele.

Kipindi cha nne mwalimu wa sayansi alichora duara ndani ya duara ubaoni. Alieleza kwamba sodiamu ina elektroni moja tu kwenye ganda la nje, na haitulii nayo. Klorini ina saba, inahangaika kutafuta ya nane. Sodiamu ikitoa na klorini ikapokea, zote mbili zinatulia. Hiyo ndiyo NaCl, chumvi ya mezani. NaOH ni kostiki.

Profesa hakutulia tena. Kalamu ilimponyoka, akaiokota, ikamponyoka. Bibi angeyajua makopo yake hata gizani. Shangazi je? Shangazi alisoma fomula, angechota kwenye NaCl bila wasiwasi wowote. Akaomba ruhusa, akatoka mbio.

Njiani akatunga uongo. Angesema ameona mende akitumbukia sufuriani. Chakula kingemwagwa, na jina lake lingebaki safi. Uongo ulikuwa mtamu, akaurudia hadi mlangoni.

Jikoni wadogo zake wawili walikuwa wameshakaa, sahani mapajani. Shangazi alikuwa ameinua mwiko, anapuliza mchuzi ili auonje. Profesa alifungua mdomo, na mende hakutoka.

"Usionje, Shangazi. Hiyo uliyotia si chumvi, ni kostiki. Mimi ndiye niliyebandika karatasi kinyume."

Mwiko ulirudi sufuriani. Shangazi alizima jiko, akavitazama vidole vyake, akanawa mikono kwa maji mengi. Wadogo wakaanza kulia njaa. Bibi aliingia kutoka uani, akasimuliwa yote, na Profesa akamalizia kwa kumtaja hata yule mende.

"Mimi nina darasa la saba tu," Bibi alisema, "lakini sijawahi kumpikia mgeni sabuni."

Shangazi alicheka, Profesa akalia. Bibi akamvuta karibu.

"Kosa langu ni kuweka dawa kali jikoni. Leo hii inahamia stoo, na kufuli juu. Kosa lako ni kuandika usichokijua. Lakini sikiliza, mjukuu wangu. Huyo mende wako angetuokoa na mchuzi wa mchana tu. Kopo lingebaki pale pale na jina la uongo, na jioni tungechota tena. Ukikosea, sema kosa lenyewe, ili watu wajue pa kurekebisha."