Pumzi ya Shemeji

Jioni hiyo kinyozi alimwambia mteja wake wa mwisho arudi kesho kwa ajili ya ndevu, akafagia nywele, akafunga saluni kabla giza halijaingia. Alikuwa anakwenda kuchukua saksafoni. Mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, mwenye upara unaoanza na mgongo unaouma kwa kusimama, alikuwa anatembea mbiombio na kutabasamu peke yake barabarani.

Tuseme ukweli, haikuwa furaha tupu iliyokuwa inamkimbiza. Ulikuwa wivu.

Kujifunza saksafoni lilikuwa wazo lake yeye. Alikuwa nalo tangu utotoni, na mwaka huo alipoona tangazo la darasa la jioni la watu wazima, katika chumba cha shule wanafunzi wakishaondoka, alijiandikisha siku hiyohiyo. Kosa lake ni kumsimulia shemeji yake, mume wa dada yake mdogo. Shemeji akasema naye atakwenda, kumsindikiza tu. Alisindikiza wiki moja. Wiki ya pili akaja na saksafoni mpya inayong'aa, ndani ya sanduku lenye kitambaa chekundu. Kinyozi wakati huo alikuwa anasubiri zamu ya dakika kumi kwenye ile moja ya darasa, na nyumbani alifanyia mazoezi ya vidole kwenye mpini wa fagio aliougundishia vifuniko vya chupa.

Angalau basi shemeji angekuwa hajui kupiga. Anajua! Huyo alikuwa mmoja wa wale watu ambao mambo huwanyookea bila kutoa jasho. Aliuza bima bila kubembeleza, alicheza mpira bila mazoezi, na mama mzazi wa kinyozi alimwekea yeye kipande kikubwa cha nyama. Muda wote alikuwa na pipi ya mnanaa mdomoni na neno zuri kwa kila mtu. Mbaya zaidi, hakuwa na maringo. Ungemchukia kwa sababu gani? Kinyozi alitafuta sababu usiku kucha akaikosa, na hilo nalo likamkereketa.

Basi alipoona kikaratasi kwenye ubao wa matangazo wa shule, saksafoni ya zamani inauzwa, bei ya kuelewana, alikibandua kabla mwingine hajakisoma.

Muuzaji alikuwa mjane, ghorofa ya tatu, mwisho wa ujia ambao taa yake ilikuwa imekufa. Kinyozi hakuwahi kugonga. Mlango ulifunguka akiwa bado ameinua mkono.

Chumba kilikuwa kisafi. Kilinuka kitu ambacho alikifahamu kwa kazi yake ya kuinamia nyuso za watu kutwa nzima: mdomo wa mtu aliyeamka sasa hivi. Saksafoni ilikuwa kitandani, upande wa ukutani, imefunikwa shuka.

Imefunikwa mpaka shingoni.

Mama yule aliongea kwa kunong'ona, na kila baada ya maneno matatu manne alisimama kutafuta hewa. Kinyozi alidhani kuna mgonjwa amelala chumba cha pili, naye akaanza kunong'ona. Bei alitaja kinyozi mwenyewe, ya kutupa, akitegemea kubishiwa. Hakubishiwa. Mama alifunua shuka, akaonyesha kidole kwenye mdomo wa saksafoni, pale panapofungwa kile kijipande chembamba cha mwanzi kinachotetemeka ukipuliza. Darasani walikiita ulimi.

"Huu ulimi..." alinong'ona. "Alikuwa anautumia marehemu. Utupe... nunua mpya."

"Nitautupa, mama."

"Usiuweke mdomoni."

Kinyozi akaitikia vizuri kabisa, akaaga, akaondoka na mzigo wake begani.

Sasa, kinyozi wetu alikuwa na mkono wa birika, na ndimi mpya ziliuzwa duka moja tu, ghali. Mwalimu alikuwa amewaonya siku ya kwanza kwamba ulimi wa mtu ni kama mswaki wake, haukopeshwi. Lakini mwalimu hakuwa kinyozi. Yeye kwa wiki alipitisha mashine ileile kwenye vichwa mia, akiipangusa kwa spiriti, na hakuna aliyewahi kulalamika. Kwa hiyo usiku ule aliutumbukiza ulimi wa marehemu kwenye kikombe cha spiriti, akauacha hadi asubuhi, akausuuza, akaufunga mahali pake. Ulikuwa na rangi ya chai. Katikati ulikuwa na alama ya mdomo wa chini wa mtu, na alama hiyo haikutoka.

Darasani alipuliza, saksafoni ikalia kama bata. Wenzake walicheka, cheko la kirafiki tu, lakini lilimwingia. Kisha mwalimu akamwomba shemeji apige. Shemeji akapiga kipande kizima, taratibu, mpaka mama mmoja nesi akafumba macho.

"Sikilizeni, hivi ndivyo mnavyotakiwa kupiga," mwalimu akasema.

Kinyozi alisikiliza. Roho ilimuuma hivi kwamba alihisi kitu cha moto kinapanda kutoka tumboni, kinamkaba kooni. Kwa nini yeye? Akaweka saksafoni mdomoni ili tu asionekane uso.

Hakupuliza.

Hewa ilikuwa tayari imo ndani.

Ilitoka sauti nene, ya uchungu, yenye miaka mingi. Vidole vyake, vilivyozoea vifuniko vya chupa, vilipata njia vyenyewe. Alipomaliza, nesi alikuwa anafuta machozi na mwalimu amesahau chaki mkononi. Upande wa dirishani shemeji alikuwa ameshika kifua, anakohoa, anacheka, anasema amepaliwa na pipi.

Na mdomoni mwa kinyozi mlikuwa na ladha ya mnanaa. Yeye hakuwa amekula kitu tangu mchana.

Wiki zilizofuata alijifunza siri ya chombo chake. Akipiga kwa moyo mweupe, bata. Akimfikiria shemeji, muziki. Ikawa kazi yake kuuchochea wivu kama mtu anavyochochea jiko la mkaa. Kabla ya darasa alikaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya kioo cha saluni, akahesabu mambo: lile sanduku la kitambaa chekundu, kile kipande cha nyama cha mama, siku shemeji alipomkopesha mwavuli bila kuombwa. Alipojisikia vibaya vya kutosha, alikwenda kupiga.

Mwalimu akatangaza kwamba katika onyesho la kufunga darasa, atakayesimama peke yake mbele ya watu ni kinyozi. Shemeji ndiye aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Kisha alikaa chini ghafla, midomo imempauka.

Siku mbili baadaye dada yake alikuja saluni mchana. Hakukaa kwenye kiti cha wageni. Alisimama mlangoni akizungusha pete kidoleni, akaeleza kwamba mume wake hawezi tena kupanda ngazi za nyumbani, kwamba daktari amepima kifua mara tatu na hakuona kitu, kwamba nguo zake zote zinampwaya. Kinyozi aliendelea kupangusa mashine ambayo ilikuwa safi.

"Kaka," dada yake akasema, "anaogopa kulala. Anasema akivuta pumzi, nusu yake inachukuliwa na mtu."

"Mtu gani?"

"Angemjua angemwomba airudishe."

Akamwomba kaka yake akamwone, maana shemeji alikuwa anamtaja kila saa, anamsifu kwa wageni. Kinyozi akaahidi. Dada alipoondoka, alijitazama kwenye kioo chake mwenyewe na kuona mashavu yamejaa, ngozi inang'aa, kifua kimetanuka. Hakuwa amewahi kuwa na afya kama ile maishani mwake. Akaogopa, na sitaficha jambo hili: ndani ya ile hofu kulikuwa na chembe ya raha.

Jioni akapanda tena ghorofa ya tatu. Mlango ulikuwa wazi. Mjane alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, palepale saksafoni ilipolazwa, na hakumkaribisha.

"Umeuweka mdomoni," alinong'ona.

Kinyozi alianza kueleza habari za spiriti, akaona aibu, akaacha. Akauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Mama alijibu vipande vipande. Marehemu hakujua kupiga. Miaka sita alijaribu, watu wakamcheka. Siku moja akaanza kupiga, na akapiga vizuri kwa miaka ishirini, kila mtu akamsifu.

"Alikuwa anamwonea nani wivu, mama?"

Yule mama aliweka kiganja kooni mwake.

"Mimi nilikuwa naimba," alisema.

Mahali fulani chini bomba lilikuwa linadondosha maji, tone moja... kisha lingine. Kinyozi aliuliza kama akiuchoma ulimi mambo yataisha. Mama alitikisa kichwa, si kwa kukataa wala kukubali.

"Sijui. Mimi sikuchoma kitu. Niliacha kuimba tu... Alipokosa cha kunionea wivu, akaanza kukauka. Akafa."

Kinyozi alirudi saluni, akafunga mlango kwa ndani, akaufungua ulimi, akautia kwenye kopo na kuuwashia kiberiti. Kijiti kile chembamba kilichukua muda mrefu ajabu kushika moto. Kiliposhika, kilitoa sauti.

Haaaah...

Sauti ya mtu aliyezuia pumzi muda mrefu na sasa ameiachia. Moshi ulinuka mnanaa, na nyuma ya mnanaa, ule mdomo wa mtu aliyeamka sasa hivi. Kisha ukanuka kuni tu.

Shemeji alipona ndani ya siku tano. Daktari alisema ni dawa, mama yao akasema ni maombi, na kinyozi hakubishana na yeyote. Alimwambia mwalimu kifua kinamsumbua, onyesho apewe shemeji. Alikwenda nyumbani kwao kumjulia hali, akamkuta anapanda ngazi huku amembeba mkewe mgongoni wakicheka kama wendawazimu, na kinyozi akacheka nao. Alifurahi kweli. Usiku ule alilala usingizi mzito, akajiambia kwamba yamekwisha, kwamba yeye si mtu mbaya, ila alipotoka kidogo.

Onyesho lilifanyika Jumamosi saa tisa alasiri, katika ukumbi wa shule, jua kali madirishani. Kinyozi alikaa mstari wa pili, mikono mitupu, kati ya dada yake na mama yake. Saksafoni yake ilikuwa nyumbani chini ya kitanda, haina ulimi.

Shemeji alipanda jukwaani amevaa shati jeupe. Akasema kabla ya kupiga kwamba asingekuwa hapo leo kama si mtu mmoja, na watu wampigie makofi shemeji yake, aliyemleta darasani akamvumilia. Ukumbi ukapiga makofi. Kinyozi akainuka nusu, akapunga mkono, akakaa. Mama yake akainama sikioni mwake na kumnong'oneza, kwa mapenzi kabisa, kwamba katika watoto wake wote, huyu mkwe aliyeongezewa na Mungu ndiye bora.

Shemeji akaanza kupiga.

Ulikuwa wimbo uleule ambao kinyozi alikuwa ameuandaa. Furaha yake ilisimama imara mwanzoni, akatikisa kichwa kufuata mapigo, akamwombea mwenzake amalize salama. Dada yake alikuwa analia kimyakimya. Mama yake alikuwa anatabasamu tabasamu ambalo kinyozi, kwa miaka arobaini na mitatu, hakukumbuka kuelekezewa yeye.

Hapo ndipo kile cha moto kilipoamka tumboni.

Alikikandamiza. Akafikiria vichwa vya wateja, akafikiria fagio la saluni, kitu chochote. Hakikukandamizika. Kilipanda taratibu, kama kilichozoea njia, kikafika kooni, na kifua chake kikaanza kujaa. Hakuwa amevuta hewa. Kifua kilijaa tu, na kuendelea kujaa, hewa ya baridi, tamu...

Mnanaa.

Jukwaani shemeji alikuwa bado amesimama. Mashavu yamejaa, vidole vinatembea juu ya vitufe, macho yamemtoka. Saksafoni yake haikuwa inatoa kitu.

Lakini wimbo haukukatika.

Watu walianza kugeuza shingo, wakitafuta sauti inakotoka. Kinyozi alibana midomo, ikapita puani. Aliziba uso kwa viganja vyote viwili. Ikapita katikati ya vidole, nene, ya uchungu, safi kuliko alivyowahi kuipiga. Dada yake akageuka na kumtazama. Alimtazama yeye, akamtazama mume wake ambaye magoti yalikuwa yanakunjika, akamtazama yeye tena, na uso wake ukaelewa.

"Kaka," alinong'ona. "Mrudishie."

Ingetosha kinyozi afungue mdomo na kutoa ile pumzi yote kwa mkupuo mmoja. Alijua hivyo, sijui alijuaje. Lakini ukumbi mzima ulikuwa umemgeukia yeye, na mama yake pia, kinywa wazi, akimsikiliza, na zilikuwa zimebaki noti chache tu wimbo uishe.