Pamba ya Mbegu kwenye Mtumbwi wa Shimba

Mwaka ule wa tisini na nne, mavuno ya pamba yalimfanya Shimba auache mtumbwi wake wa tanga juani miezi minne. Mbao zikakauka, zikaachana. Alipomaliza kazi ya shamba akasema, "Kesho tunaushusha. Siku hizi wanunuzi wa sangara wanakuja wenyewe mpaka ufukweni. Nani atakaa nyumbani?"

Angesafiri na shemeji yake, Masele. Tereza, mke wa Shimba, alisimama kando. Alikuwa anamtazama mumewe anavyoshindilia pamba kwenye nyufa kwa nyundo, ngo, ngo, ngo. Pamba aliyotumia ilikuwa ya shambani kwao, imechumwa juzi, mbegu zake zimo.

Tereza akaenda kumwita Bibi Wilhelmina, jirani yao aliyezaliwa Ukerewe. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa mitumbwi, na Bibi ndiye aliyekuwa mkono wake wa kulia.

"Shikamoo, bibi," alisema Shimba. "Umekuja kutuombea safari?"

"Marahaba. Nimekuja kuona jeneza linalopigwa nyundo."

Masele akacheka mpaka akakaa chini.

Bibi alichomoa pamba kwa ncha ya kisu, akaichambua kiganjani. "Mbegu ni ngumu, haiachi pamba ishikane. Maji yatapita pembeni yake. Tena ikioza, inaacha tundu. Pamba ya ufa ni ile iliyotolewa mbegu."

"Basi nitajaza nyingi zaidi."

"Ukizidisha, mbao ikinywa maji itavimba ikose pa kwenda. Itang'oa misumari. Na hapo uko katikati ya ziwa, baba."

Shimba akaweka nyundo chini.

Wakachomoa pamba yote ya mbegu, wakaukalisha mtumbwi juu ya magogo, Bibi akasema umwagiwe maji ndani. Alizunguka nje polepole, ameinama. Kila palipodondoka tone, akatia alama ya mkaa. Alama zikawa kumi na moja. Shimba alikuwa ameona nyufa nne tu.

Maji yakatolewa, mbao zikaachwa zikauke siku nzima. Kisha Bibi akasokota pamba safi, nyembamba kama utambi, akaisukuma kwa patasi butu, safu juu ya safu, akabakiza nafasi kidogo, akaijaza lami ya moto. Alikuwa na miaka sabini, lakini vidole havikutetemeka hata mara moja. Tereza hakuwahi kuona pamba ikitii hivyo.

Mtumbwi ukashushwa. Shimba akashika kasia.

"Acha kwanza," alisema Bibi. "Ufunge mtumbwi hapa, penye maji ya magoti, ulale mpaka kesho. Unywe maji, uvimbe, ujifunge wenyewe. Kama ni kuvuja, uvuje mbele yetu."

Asubuhi, maji yaliyoingia hayakujaza kikombe. Shimba akayafuta kwa tambara, Masele akapandisha tanga. Tereza aliwasukuma mpaka maji yakamfika kiunoni. Kisha akakamua kanga yake, akarudi nyumbani kupepeta mtama. Hakugeuka kuangalia.