Tarehe Thelathini na Moja

Siku ya soko Kasongo watu huombana njia, huombana chenji, lakini Mounira aliomba mkono. Alikuwa na saa ya mkononi ya kiume aliyotaka kuipiga picha, na mkono wa dada yake Soraya ulikuwa mwembamba mno.

"Papa, simama kidogo. Lete mukono."

Kijana aliyekuwa akipita na bidoni ya mafuta akasimama. "Mukono tu, ao na mwenyewe?"

"Mwenyewe sina kazi naye. Usitetemeke."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Mounira: kupiga picha za saa za wafanyabiashara wa soko. Lensi ndogo aliibana kwenye kamera ya simu, kitambaa cheusi kikazuia jua lisimeremete kwenye kioo, akafuta vumbi mpaka herufi ndogo kabisa zisomeke. Wateja wa mbali walichagua kwa WhatsApp. Siku hiyo, mwishoni mwa Januari, alivaa kitenge cha manjano na mtandio mweupe, akainama karibu mpaka akasikia harufu ya sabuni kwenye mkono ule. Picha ya kwanza ikaharibika. Ya pili pia.

"Nimekuambia usitetemeke!"

"Si miye, mama. Ni moyo."

Soraya alicheka mpaka akakaa chini. Kijana akaondoka na saa mkononi, amelipa bila kubishana. Aliitwa Kasimu, mwenye duka dogo la chumvi na sabuni kule Kabambare, na kabla hajapanda pikipiki aliomba namba ya Mounira, naye akampa sharti.

"Kila asubuhi nitumie foto ya hii saa, karibu kabisa, kama nilivyokuonyesha. Sitaki uso. Uso wa mwanaume unajua kudanganya."

Basi Februari nzima, rezo ya simu ikiwepo, ilikuja picha ya saa na neno moja la mapenzi chini yake. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Baba yake, mzee Abedi, aliona binti anaichekea simu, akajifanya hakuona. Lakini ukoo wa Souleymane, muuza vitambaa, mtu wa adabu asiye na doa, ulikuwa umeleta posa, na mzee alikuwa ameahidi kuwajibu Ijumaa baada ya sala.

"Kuya na mukubwa wako alete posa mbele ya sala ya Ijumaa," Mounira alimwambia Kasimu kwenye simu. "Ukikosa, nitaolewa nikikuangalia kwa telefone."

"Nitafika, sheri. Hata kwa magoti."

Alhamisi, tarehe tatu Machi, baada ya siku mbili bila rezo, picha ikaingia: *Niko njiani Lusangi na baba mukubwa. Kesho Kasongo.* Mounira aliikuza kama alivyozoea. Mishale ilionyesha saa mbili na robo asubuhi, sawasawa na wakati ule. Kisha akatazama kidirisha cha tarehe. Kiliandika 31.

Akahesabu. Mwezi uliopita ni Februari, na Februari haina thelathini na moja. Kwa hiyo picha ni ya Januari, imechaguliwa kwa kuwa mishale inalingana! Akapiga simu.

"Kasimu, hii foto ni ya leo?"

"Ya leo, mupenzi. Barabara iko mbaya, tumesukuma pikipiki..."

"Unaapa?"

"Wallahi."

"Na Februari iko na thelathini na moja?"

"Nini? Sikusikie muzuri..."

Akakata na kumfungia namba. Uongo angeusamehe, lakini si kiapo. Mchana huo, akimwekea baba yake sahani ya wali, alisema bila kumtazama, "Baba, kesho uwajibu ndiyo."

"Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika."

Asubuhi ya Ijumaa alikwenda sokoni ili asikae nyumbani akilia. Kabla ya adhuhuri mtu alisimama mbele ya meza yake, matope mpaka kiunoni, macho mekundu. Mounira aliinuka kuondoka.

"Mounira, umenifungia juu ya nini? Nimelala njiani!"

"Kamuulize aliyekupigia ile foto Januari."

"Januari? Nimeipiga jana mbele ya baba mukubwa!" Akanyoosha mkono. "Tazama mwenyewe. Si weye unajua kutazama?"

Mounira alishika lensi kwa hasira, akainama. Leo ilikuwa tarehe nne. Kidirisha kilisema 1. Akatazama tena. Ilikuwa nyuma siku tatu, wala si mwezi.

"Kasimu, Februari ilipoisha, uliisogeza tarehe?"

"Kusogeza? Mimi nilizani saa inajua yenyewe."

Haijui. Saa ile huhesabu hadi thelathini na moja kila mwezi, iwe Februari au Agosti, na mwenye mkono ndiye anayeirekebisha. Mounira alipiga picha za saa mpya kwenye maboksi. Hakuwahi kuvaa moja mpaka mwezi ukageuka. Alihisi aibu mpaka masikioni.

"Nimesema ndiyo kwa baba," alinong'ona. Adhana ikaanza. "Leta mukubwa wako. Kimbia!"

Sala ilipokwisha, wanaume walijaa barazani. Mounira alikaa chumba cha ndani kati ya shangazi zake, amefunikwa mtandio, na nyuma ya pazia akasikia sauti ya baba yake ikimuuliza mbele ya mashahidi kama anamkubali Souleymane. Kwa ada mwali hajibu. Kimya chake ndicho ndiyo yake, na shangazi walikuwa tayari kwa vigelegele.

"Hapana, baba."

Shangazi mmoja akamziba mdomo. Akauondoa ule mkono.

"Jana nilikubali juu ya hasira. Nilisoma foto vibaya, nikamuhukumu mutu bure. Souleymane ni mutu muzuri, hana kosa, aibu ni yangu peke yangu. Mwenye ninamupenda iko inje ya lupango yetu, pa mulango, na baba yake mukubwa."

Barazani vikasikika viti vikisukumwa, kisha viatu vya wageni vikiondoka bila kuaga, na wali uliopikwa tangu alfajiri ukabaki ndani ya sufuria. Mounira alilia bila sauti.

"Soraya," baba aliita hatimaye, sauti nzito. "Peleka maji kule inje. Wanawe miguu. Miye sipokee posa ya mutu mwenye matope."