Kikohozi Kwenye Hedifoni

Kompyuta nyingine zikipungua spidi, huwa zimepata joto. Ile ya Letisia ilipungua ikiwa baridi kama jiwe la mtoni.

Ilikuwa kompyuta pekee ya gemu kwenye chumba chao cha mbele, pale Katesh, na yeye na mumewe Hermani walikula kwa sababu yake. Pembeni mwa kioo kulikuwa na namba ya spidi ya kadi ya picha, kile kifaa kinachochora gemu. Vijana waliolipia wakicheza, namba ilitakiwa kupanda hadi megahezi elfu moja na mia nane. Wiki ile iligoma kwenye mia tatu. Magari ya mashindano yakawa yanakwenda kwa kukwamakwama, na vijana wakacheka kwamba gari la Hermani linavutwa na punda.

Fundi Bashiri, rafiki wa Hermani, alikuja na mkoba wake. Alipuliza vumbi, akapaka upya ile dawa nyeupe ya kupunguza joto, akabadilisha waya wa umeme, akafuta draiva, programu inayoiendesha kadi, na kuweka mpya. Namba haikusogea. Akaigusa kadi, akarudisha mkono haraka. Akanusa. Chumba kilinuka majivu yaliyomwagiwa maji.

"Hii kadi haina ugonjwa," alisema. "Ni kama imeshikwa."

Alipoondoka, Hermani alivaa hedifoni ajaribu tena. Akasikia mtu akikohoa. Hakikuwa kikohozi cha mafua. Kilikuwa kile cha mzee uliyempita bila kumwamkia, anakukumbusha. Hermani alilelewa vizuri kwao Gendabi, na mdomo wake ukamtangulia.

"Shikamoo."

"Marahaba," sauti ikajibu taratibu, na namba ikaruka hadi elfu moja na mia nane.

Tangu hapo kila asubuhi kompyuta ilianza kwenye mia tatu mpaka Hermani aamkie. Vijana walifurahi. Lakini spidi ile ilikuwa inatoka mahali. Letisia aliiona kwenye vifungo vya shati, ambavyo mumewe alivifunga kama mtu anayevifahamu kwa mara ya kwanza. Aliiona kwenye kijiko cha makande kilichosimama hewani, katikati ya sahani na mdomo, mpaka chakula kikapoa. Mikono ya Hermani ilikuwa baridi kama ile kadi.

"Ni shikamoo tu, mama Brightness," alimwambia, na kila neno lilichelewa. "Inanipunguzia nini?"

Letisia alitaka kompyuta itupwe korongoni. Bashiri alimvuta kando, akanong'ona.

"Shemeji, usifanye hivyo. Humo kuna jini, na alichochukua kwa Hermani kiko humo humo. Ukiitupa, umetupa vyote. Ila msimwamkie tena, hasa mtoto. Mtoto hana cha kupunguzwa."

Letisia alikuwa mtu wa aibu. Shuleni alijua majibu akanyamaza. Njiani aliwapisha wazee na kuwaamkia macho yakiwa chini. Tangu ajue kusema hakuwahi kumnyima mtu mzima shikamoo.

Mchana mmoja ukungu wa mlima Hanang ulishuka mpaka mlangoni. Letisia alikuwa uani akichambua maharage aliposikia feni ya kompyuta ikianza kuzunguka, ingawa hakuna aliyeiwasha, na harufu ya majivu ikamjia puani, na akakumbuka kwamba Brightness, binti yake aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema, hakuwa tena miguuni pake, akauacha ungo ukaanguka, akakimbia, akampita Hermani aliyekuwa anainuka kwenye kiti pale uani na bado hajamaliza kuinuka, akaingia chumba cha mbele akamkuta mtoto amesimama juu ya kiti, hedifoni zimemfunika mashavu, mkono mmoja ameunyoosha kama anagusa kichwa cha mtu asiyeonekana, vile watoto wadogo wanavyoamkia wakubwa, na midomo yake inasukuma, "Shi... shika..."

Alimpokonya hedifoni, akazivaa yeye.

Kikohozi kikaja. Shingo ya Letisia iliinama yenyewe. Ulimi ukajiweka tayari kama ulivyojiweka maisha yake yote, na neno likafika nyuma ya meno. Akalimeza. Akainua uso.

"Marahaba," alisema.

Feni ikasimama.

"Sijakuamkia," sauti ikasema.

"Basi nasubiri."

Ikamwambia polepole kwamba ilimzidi umri babu wa babu yake, kwamba ilikuwepo kabla mlima ule wa volkano haujapoa. Letisia alitetemeka mpaka hereni zikagonga hedifoni, lakini hakushusha macho.

"Umri unao," alisema. "Lakini hapa ni kwangu. Wewe ndiye uliyeingia, tena bila hodi. Salimu."

Namba kwenye kioo ikaanza kushuka kutoka mia tatu. Mia mbili. Mia. Nyuma yake Hermani aliegemea mlango, akateleza taratibu mpaka chini, macho wazi, pumzi moja ikikaa mbali na nyingine. Sauti ikakohoa tena, kwa upole safari hii, ikimnong'oneza kwamba ni neno moja tu na mumewe atainuka. Letisia akampakata mtoto, akakaa. Alijua kwamba akilisema leo atalisema kila siku, na baada yake Brightness. Akanyamaza. Kunyamaza alikujua kuliko jini lolote.

Namba ilifika kumi.

"Shikamoo," sauti ikasema, ndogo, meno yamebanwa.

Namba ikaruka. Kadi ikatoa joto lililomfika Letisia mpaka miguuni, na Hermani akainuka sakafuni mara moja, akauliza haraka haraka ni nani aliyemwaga maharage uani.

Letisia hakuitikia upesi. Kwanza alimfuta mtoto kamasi.

"Marahaba," akasema.

Bashiri alishauri aitwe shehe wa kumtoa jini. Letisia akakataa, akasema huyo sasa ni mfanyakazi. Njiani bado anawapisha wazee. Lakini kila asubuhi anapovaa hedifoni kujaribu mashine, kabla kioo hakijawaka, ni yeye anayeamkiwa.

Juzi, baada ya ile shikamoo nyembamba, kilisikika kitu kingine kutoka nyuma kabisa. Kikohozi. Kizito, cha mtu mkubwa kuliko yule wa kwanza. Majivu yakanuka chumba kizima.

Letisia alivuta kiti, akampakata mtoto, akaziweka hedifoni sawasawa.

"Marahaba," alisema. "Nasubiri."